Sindano za Kansa: Niliyoyaona Mwenyewe

Mwanzoni mwa muhula huu mvulana mmoja wa kidato cha pili alinijia bwenini baada ya sala za jioni. Alisimama mlangoni kwa muda bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Kaka, ni kweli ya kuwa ile dawa waliyokuchoma huunguza damu?" Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni niliona ya kuwa hakuja kwa mchezo. Mama yake alikuwa ameambiwa hospitali kuwa ana kansa ya titi, na ya kuwa itampasa kuchomwa sindano kwa miezi kadhaa. Naye alikuwa amekataa. Jirani mmoja alimwambia kwamba sindano hizo huwaua watu upesi kuliko maradhi yenyewe.

Niliongea na kijana huyo mpaka kengele ya kuzima taa. Kesho yake alirudi na maswali mengine, na kesho kutwa tena. Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, aliniambia afadhali niyaandike yote gazetini kuliko kumnyima usingizi. Basi naandika. Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye umri wa miaka 19, ambaye angalikuwa kidato cha sita sasa kama asingalikaa nyumbani mwaka mzima. Walakini sindano hizo nimechomwa mara 12, na kila safari niliuliza maswali mengi hata wauguzi wakanipa jina la "Bwana Kwa Nini".

Maradhi yangu yaliitwa ugonjwa wa Hodgkin, nayo ni kansa ya tezi. Jina hilo ni la Thomas Hodgkin, daktari wa London aliyeyaeleza maradhi hayo mwaka 1832. Kwangu yalianza kwa uvimbe shingoni usiouma, kukonda, na jasho la usiku lililolowesha shuka kana kwamba nimenyeshewa. Katika zahanati ya kwanza nilipewa dawa za kifua kikuu kwa muda wa miezi miwili, kwa kuwa dalili zinafanana. Uvimbe ulipozidi kukua nilipelekwa hospitali kubwa, wakakata kipande cha tezi wakakitazama kwa darubini, na hapo jambo likajulikana.

Sasa nieleze dawa yenyewe inavyofanya kazi, maana asiyejua hili hataelewa mengine yote. Wenzangu wanaosoma elimu ya viumbe wanajua kuwa mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli, na kwamba seli hugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Seli ya kansa ni ile iliyoacha kutii amri ya kusimama, ikazidi kugawanyika tu. Dawa za sindano hushambulia seli wakati wa kugawanyika. Lakini dawa haina macho. Haiwezi kuuliza, "Wewe ni seli ya kansa, au wewe ni seli njema yenye kazi nyingi?" Na mwilini mna seli njema zinazogawanyika upesi kila siku: zile za mashina ya nywele, zile za ngozi laini ya kinywa na matumbo, na zile za uboho wa mifupa zinazotengeneza damu. Hizi nazo hupigwa. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hupata vidonda vya kinywa, na damu yake hupungukiwa na chembe nyeupe ambazo ni askari wa kupigana na vijidudu. Tofauti ni kwamba seli njema hujirudisha upesi, na za kansa hushindwa. Kwa hiyo hatuchomwi siku zote mfululizo. Mimi nilichomwa mara moja kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa miezi sita, ili mwili upate nafasi ya kujitengeneza kati ya sindano na sindano.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba dhara hili la damu ndilo lililowaonyesha wataalamu njia. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943, katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Wajerumani zilipiga mabomu bandari ya Bari huko Italia. Meli moja ya Marekani iliyoitwa John Harvey ilikuwa imebeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali, ambayo ni sumu ya vita. Sumu ikamwagika baharini na hewani, na mabaharia wengi wakafa. Daktari Stewart Alexander aliyetumwa kuchunguza aliona ya kuwa chembe nyeupe za damu za watu hao zilikuwa zimepungua mno. Na mwaka uliotangulia, 1942, madaktari wa chuo cha Yale huko Marekani walikuwa wamekwisha mchoma sindano ya dawa ya jamii ya sumu hiyo mgonjwa mmoja mwenye kansa ya tezi. Uvimbe wake ulinywea, ingawa baadaye ulirudi. Fikira yao ilikuwa hii: ikiwa kitu hiki huua chembe nyeupe njema, yamkini kitaua pia chembe nyeupe zilizoasi.

Habari ya pili ni ya ua ambalo nadhani wasomaji wengi wanalo mbele ya nyumba zao, lile dogo la rangi ya waridi au nyeupe lenye petali 5, ambalo asili yake ni Madagaska. Mwaka 1952 majani yake yalipelekwa kwa posta kutoka Jamaika hadi Kanada, kwa sababu watu wa Jamaika waliyatumia kama chai ya kutibu ugonjwa wa sukari. Mtaalamu Robert Noble aliyajaribu kwa panya. Sukari haikushuka hata kidogo, lakini panya waliochomwa maji ya majani hayo walipungukiwa na chembe nyeupe. Kufika mwaka 1958 yeye na mwenzake Charles Beer walikuwa wametoa humo dawa iitwayo vinblastini, nami nimechomwa dawa hiyo mara zote 12. (Kabla msomaji hajaanza kuchemsha maua ya mama yake: majani hayo ni sumu, na hospitali hupima dawa hiyo kwa miligramu chache tu.)

Wala tusidhani ya kuwa mambo haya yote ni ya ng'ambo. Hapa Uganda, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa nchi zetu. Katika miaka ya 1960 watoto wenye uvimbe huo walitibiwa Mulago kwa dawa, na baadhi yao walipona kabisa, wakati ambapo madaktari wengi wa Ulaya hawakuamini kuwa dawa peke yake yaweza kuponya kansa. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilifunguliwa hapo Mulago mwaka 1967. Nilipoambiwa haya nilijisikia mtu mwingine kidogo. Nilikuwa nimedhani najaribiwa kitu kigeni.

Sasa niende kwenye siku yenyewe. Kwanza hupima damu. Kisha unaketi kitini, muuguzi anatafuta mshipa, na dripu ya maji inaanza. Dawa zangu zilikuwa 4, mpango uliotungwa na Gianni Bonadonna na wenzake mjini Milan miaka ya 1970. Ya kwanza, doksorubisini, ni nyekundu kabisa kama soda ya zabibu, na mkojo wa siku ile hutoka mwekundu. Mara ya kwanza nilipiga kelele chooni nikidhani ni damu. Hakuna aliyekuwa amenionya, nami nawasihi wote watakaofuata waulize mapema. Hii ndiyo inayoweza kuunguza kweli, lakini si damu: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono. Kwa hiyo ukisikia moto au maumivu pale penye sindano, sema papo hapo, usijikaze kiume. Dawa hii pia hupimwa kwa hesabu ya maisha yote, kwa kuwa ikizidi kiasi hudhoofisha moyo. Bleomisini huangaliwa kwa ajili ya mapafu, na kila safari niliulizwa kama nina kikohozi kikavu au pumzi fupi. Ya mwisho, dakabazini, hufunikwa isipatwe na mwanga. Mfuko wake ulivikwa karatasi nyeusi. Hiyo iliniuma mkono wote hata begani, mpaka muuguzi alipopunguza mwendo wake na kuniwekea kitambaa cha maji moto.

Watu huogopa zaidi kutapika. Nami niliogopa hivyo. Siku hizi ziko dawa nzuri za kuzuia kutapika, ambazo hutolewa kabla ya sindano na kuendelea nyumbani kwa siku kadhaa. Kosa langu la kwanza lilikuwa kungoja mpaka nisikie kichefuchefu ndipo nimeze kidonge. Kufikia hapo kidonge chenyewe kilitoka. Kinapaswa kumezwa kwa saa yake, usikie vibaya au usisikie. Chakula cha moto chenye harufu kilinishinda, hasa mchuzi wa samaki, lakini uji uliopoa niliuweza, na ndizi zilizopoa, na biskuti kavu kabla ya kuinuka kitandani. Nilikula kidogo kidogo mara 6 kwa siku. Vidonge hivyo pamoja na vinblastini hufunga choo vibaya sana, jambo ambalo hakuna mtu hupenda kulitaja. Kunywa maji mengi, kula papai, na umwambie daktari kabla ya siku 3 kupita.

Lakini iko namna nyingine ya kutapika ambayo haitoki tumboni. Kuanzia sindano ya tano nilikuwa nikitapika kabla ya kuchomwa. Basi likipinda kona na lango la hospitali likionekana, tumbo lilijikunja. Hata soda nyekundu dukani niligeuza uso nisiione. Nikaona haya sana, nikadhani nimekuwa mwoga. Nilipomweleza daktari hakucheka. Alisema akili hujifunza kama vile mbwa ajifunzavyo kengele ya chakula, na kwamba huwapata watu wengi. Alinipa kidonge cha kutuliza cha kumeza usiku wa kuamkia safari, na mama akaanza kuniimbisha nyimbo za kanisani ndani ya basi tukikaribia kona ile. Abiria walitutazama. Kidonge na nyimbo kwa pamoja vilisaidia, ila sijui kipi kwa kiasi gani.

Nywele sina mengi ya kusema. Zilianza kutoka wiki ya tatu, na katika shule ambayo wote tumenyolewa nani angaliona? Nyusi ndizo zilizonihuzunisha, na masharubu machache niliyokuwa nikiyatunza tangu kidato cha nne. Yamerudi.

Nifike sasa kwenye usiku ambao kwa ajili yake hasa nimekubali kuandika.

Nilikuwa nimeambiwa ya kuwa bleomisini yaweza kuleta homa na kutetemeka jioni ile ile ya kuchomwa, na kweli ilinipata mara mbili, ikaondoka yenyewe. Pia nilipewa kipimajoto na kuambiwa kwamba siku yo yote kikionyesha nyuzi 38 au zaidi nije hospitali mara moja, mchana au usiku. Siku ya 9 baada ya sindano ya nne nilisikia baridi wakati wa chakula cha jioni. Nikapima kwa siri: 38.4. Nikajiambia, "Hii ni ile homa ya dawa." Moyoni nilijua ya kuwa siku 9 si jioni ile ile. Lakini nilijua pia kwamba nauli ya mwezi ilikuwa imekwisha, kwamba ng'ombe wa pili alikuwa amekwisha uzwa, na mama alikuwa amelala mapema kwa mara ya kwanza wiki ile. Zaidi ya hayo niliogopa wakiniona na homa wataahirisha sindano ya tano, na mimi nilikuwa nikizihesabu kama mfungwa ahesabuvyo siku. Nikameza panadoli mbili. Joto likashuka, nikafurahi kwa akili yangu.

Alfajiri mama alinikuta nikitetemeka hata kitanda kinagonga ukuta. Hakunigombeza. Alikwenda kugonga kwa jirani mwenye gari, na njia nzima alinishika kichwa bila kusema neno. Hospitali walitazama damu: chembe nyeupe zilikuwa karibu hakuna. Katika hali hiyo kijidudu ambacho mtu mwingine angekishinda bila kujua huweza kuingia damuni na kumwua mgonjwa kwa saa chache. Nilitiwa dawa za vijidudu kwa mshipa siku 6. Daktari aliniambia ya kuwa panadoli haikuponya kitu, ilivunja kengele tu. Dawa kama vinblastini hushusha chembe nyeupe chini kabisa baina ya siku ya 5 na ya 10 hivi, wakati ambao mgonjwa, kichefuchefu kikiwa kimekwisha, hujiona mzima. Mimi nilikuwa nimeogopa zile siku 3 za kutapika, ambazo hazingaliniua, na hizi nyingine nilizipita nikicheza bao.

Tangu hapo mama alikaa na kipimajoto yeye mwenyewe, kimefungwa katika ncha ya khanga. Maji ya kunywa tulichemsha, matunda tulimenya, waliokuwa na mafua waliniamkia kutoka uani. Kinywa nilisukutua kwa maji ya chumvi kidogo baada ya kila mlo. Dawa za kienyeji ambazo shangazi alileta kwa mapenzi makubwa tulimwonyesha daktari kwanza, naye akasema tuziweke mpaka matibabu yaishe, kwa kuwa nyingine huchokoza ini au kugombana na sindano. Shangazi alinuna wiki mbili.

Yako maswali mengine ambayo yule kijana aliniuliza, nami nayajibu kwa kifupi. Kansa haiambukizi, mtu aweza kunywea kikombe changu. Ila dawa yenyewe hutoka mwilini kwa mkojo na matapishi kwa siku mbili tatu baada ya sindano, na anayefua shuka hizo huambiwa avae glavu. Mama alipovaa glavu majirani walisema, "Mnaona? Huambukiza!" Ilituchukua mwezi kulisafisha neno hilo. Tena, mgonjwa asiyetapika hupona sawasawa na anayetapika. Mwenzangu mmoja wa wodini alihuzunika kwa kuwa hakuumwa, akidhani dawa imemkataa. Mtu asipime kansa kwa tumbo lake. Picha na vipimo ndivyo husema.

Na liko swali ambalo vijana huona haya kuliuliza, nami nililiuliza siku ya sindano ya saba, mama akiwa amekwenda kununua chai: je, nitaweza kupata watoto? Daktari alisema kwamba baadhi ya dawa za kansa huharibu mbegu kwa daima, lakini kwa mpango wangu mara nyingi sana uwezo hurudi. Akaongeza kwamba ilikuwa vyema niulize kabla ya sindano ya kwanza, maana mahali penginepo mbegu huweza kuhifadhiwa. Nilikuwa nimelibeba swali hilo miezi mitatu.

Picha ya mwisho ilionyesha ya kuwa tezi zimetulia. Wengi wenye ugonjwa wa Hodgkin hupona, lakini kila baada ya miezi 3 narudi kuangaliwa, na wiki inayotangulia silali vizuri. Hilo halijaisha.

Jumapili ya wageni iliyopita mama wa yule kijana alikuja shuleni. Tuliketi chini ya mwembe karibu na uwanja. Nilimwambia ya kuwa dawa zake hazitakuwa zote sawa na zangu, ingawa ile nyekundu huenda tukawa nayo pamoja, na ya kuwa madaktari wake ndio wa kuulizwa. Aliushika mkono wangu akautazama ule mstari mweusi uliobaki kwenye ncha ya ukucha wa dole gumba, unaosogea mbele kila wiki jinsi ukucha unavyoota. Aliusugua kwa kidole chake kana kwamba ni uchafu. Nilimpa kipimajoto changu, naye akakifunga katika leso.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, siku ile ya kwanza uliporudi nyumbani, uliweza kula nini?"

"Uji, mama," nikasema. "Uliopoa."

Akamgeukia mwanawe akamwambia amkumbushe kununua unga wa wimbi sokoni kabla ya Jumanne.